Maua Meupe ya Farasi

Mimi ni mtu wa kupamba sikukuu za watu. Ghala letu liko Ras Al Khor, huku Uarabuni, katikati ya maduka ya vipuri vya magari, na ukija mwezi wa tisa, jua likiwa bado linachoma kisogo, utanikuta nimekaa sakafuni nikinyoosha matawi ya miti ya Krismasi ya plastiki. Krismasi tunaipandisha mahotelini kabla watu hawajaiwaza, na ikipita tu tunaishusha. Mipira ya dhahabu inatolewa, ya fedha inaachwa, mtu anabandika tarakimu za mwaka juu ya mlango, na mti ule ule unakuwa mti wa Mwaka Mpya. Kisha taa nyekundu za Wachina. Kisha miezi miandamo na fanusi za Ramadhani. Siku yenyewe ya sikukuu sisi tunakaa stoo na bunduki ya gundi, tukisubiri kitu kibanduke. Watu wakiniambia nina kazi ya furaha huwa nawatazama tu.

Nilipoanza kazi hii nilishtuka kuona mashada ya maua yakitundikwa milangoni. Kwetu Nyandarua shada la mviringo linawekwa juu ya kaburi, halina kazi nyingine. Nilidhani hoteli imefiwa. Nilipanda ngazi na kulitundika shada langu kwa adabu zote za mazishi, uso nimeukunja, mpaka msimamizi wetu akaniuliza kama ninaumwa. Siku hizi nayatundika huku napiga miayo.

Mume wangu naye yuko mji huu huu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Anaosha vioo vya majengo marefu, ananing'inia kwenye kamba na ndoo yake, na analala Muhaisnah kwenye kambi ya wanaume ya kampuni yao, kule watu wote wanakokuita Sonapur. Basi la kampuni linawapeleka kazini, basi la kampuni linawarudisha. Mimi nina kitanda cha juu katika chumba cha wanawake Al Mankhool. Mwanamume haingii kwetu, mwanamke haingii kwao. Tulioana kanisani, kwa shela na keki na wajomba waliolewa pombe, halafu tukaja huku kukutana bustanini Jumapili kama wanafunzi waliotoroka shule. Tunakaa kwenye nyasi, tunakula chapati, jua likizidi tunahamia kwenye kivuli cha choo cha umma. Mara chache tumeazima chumba cha marafiki wakiwa kazini. Tukaharakisha, tukakitandika kitanda cha watu kama tulivyokikuta, tukaenda kila mtu kwenye basi lake.

Kila Januari mpango wetu ni mmoja: chumba chetu wenyewe, kisha mtoto. Wenzetu wanapanga kupunguza mwili, wengine kununua shamba, wengine kuacha soda. Sisi hatujawahi kubadilisha. "Mwaka huu lazima," mume wangu husema, akipiga goti lake kofi, na mimi huitikia. Nilimtaka huyo mtoto kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilimtaka mpaka nikawa siwezi kuwasikiliza wanawake wenzangu chumbani wakipiga simu nyumbani na kuwagombeza watoto wao kwa sababu ya homework. Nilikuwa najifunika shuka, nimeuma meno.

Na kwetu mwanamke akishazaa jina lake linaisha. Anakuwa Mama Fulani, mumewe anakuwa Baba Fulani, na hivyo ndivyo wanavyoitana hadi uzeeni. Sisi hatukuwa na pa kuanzia. Mama mkwe kwenye simu huniita "wewe", si kwa ubaya, hana neno lingine. Mume wangu huniita bosi. Alianza kwa utani, kwa sababu siku moja alinikuta namwelekeza fundi jinsi ya kufunga nyota, na utani ukakaa.

Mara mbili nimewahi kumpa habari ya mimba, na mara mbili nikalazimika kuirudisha. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa Joka, maana Wachina kila mwaka wao huupa mnyama wake. Wachina wanasema mtoto wa mwaka huo huzaliwa na bahati yake mkononi, na mimi niliyekuwa nikilipaka joka letu la mapambo magamba ya kijani niliona kama nimepanda gari zuri. Lilifika Machi tu. Mume wangu aliposikia aliniuliza kama nimekula. Sura aliyokuwa nayo siku hiyo ndiyo iliyonifanya niape kwamba safari nyingine sitamwambia lolote mpaka tumbo liseme lenyewe.

Kanisa letu nalo lina tabia ya kuupa kila mwaka jina. Mkesha wa mwaka mpya mchungaji anatangaza neno la mwaka, na Jumapili inayofuata unalikuta limeandikwa kwenye bango kubwa nyuma ya mimbari, na mapazia ya rangi inayolingana nalo. Tumekuwa na Mwaka wa Kuvuka. Tumekuwa na Mwaka wa Milango Iliyofunguka, ambao mimi binafsi sikuona hata dirisha. Mkesha wenyewe huwa sihudhurii kwa sababu usiku huo niko kazini, naangalia maputo ya wengine yasipasuke mapema. Mwaka huu niliingia kanisani Jumapili ya kwanza ya Januari, nikainua macho, nikaona bango: Mwaka wa Kuzaa Matunda. Mapazia ya kijani, zabibu za plastiki zimening'inia pande zote mbili. Nilizitambua zile zabibu, ni za aina tuliyonayo ghalani, zinavutia vumbi vibaya. Na bado nilisimama na wengine nikasema amina kwa sauti.

Wiki hiyo ghalani tulikuwa tunamshona farasi. Huwa tunamvunja mnyama wa mwaka uliopita ili kumpata wa mwaka mpya, kwa kuwa mnyama mmoja akishapita harudi mpaka wenzake wote wamalize zamu, na hakuna tajiri wa kuwatunzia Wachina nyoka muda wote huo. Basi tukamchana Nyoka, sifongo yake ikawa shingo ya Farasi, kitambaa chake chekundu kikawa tandiko. Mwenzangu kwenye kazi hiyo ni dada wa Mombasa, mwanamke mpole mwenye mkono mzuri wa cherehani na mdomo usiopumzika. Alikuwa na karatasi yenye wanyama wote kumi na wawili na miaka yao.

"Shoga, weye ulizaliwa mwaka gani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Farasi," akasema. "Huyu huyu tunayemshona."

"Mimi ni Mkristo."

"Na mie Muislamu. Lakini farasi ni weye."

Nilimwambia aache upuuzi, anipe uzi. Lakini jioni kwenye gari la kampuni nilikuwa natabasamu peke yangu. Bango la kanisa linasema kuzaa, mnyama wa mwaka ni mimi, na siku zangu za mwezi zilikuwa zimechelewa. Niliteremka kwenye duka la dawa karibu na nyumbani, nikanunua kipimo. Mistari ikatoka miwili, wa pili hafifu, lakini upo. Nilikaa chooni mpaka mwenye zamu yake ya kuoga akagonga mlango kwa kandambili.

Sikumwambia mume wangu. Nilikuwa nimeapa. Jumapili tulikula chapati zetu, akaniambia nimenawiri, nikamjibu ni mafuta ya kupaka.

Farasi alikuwa wa mgahawa wa Kichina ulio chini ya hoteli moja hapo hapo Al Mankhool. Alisimama mlangoni, mkubwa, kwato moja juu. Mchoro wa ofisini ulionyesha maua yakizunguka miguu yake, lakini haukutaja rangi, na msimamizi alikuwa ameenda kupigania fanusi zilizokwama, kwa sababu mwaka huu Ramadhani ilikuja kisogoni mwa mwaka mpya wa Wachina na kila mteja alitaka chake kwanza. Akaniambia, "Chagua wewe, haraka, yalla." Basi nikachagua. Nilitoa kwenye maboksi ya Krismasi mawaridi meupe, matawi meupe, mayungiyungi ya kitambaa yaliyokaa vizuri kabisa. Kwangu nyeupe ni harusi, ni ubatizo, ni kanzu za watu kanisani mkesha wa mwaka mpya. Nyeupe ni mwanzo. Niliyapanga maua yale kwa mapenzi niliyokuwa sijawahi kuyapa mapambo ya mtu. Kila ua nililizungusha mpaka likatazama nje. Dada wa Mombasa alisema imependeza mpaka anatamani kuolewa tena.

Mwenye mgahawa ni mama wa Kichina, mtu mzima, nywele fupi, aproni haimtoki. Alitoka jikoni akifuta mikono, akamwona farasi, akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hakupaza sauti. Alipiga magoti pale pale na kuanza kuyang'oa, akiyatupa nyuma yake bila kuangalia yanaangukia wapi. Nami nikapiga magoti tukang'oa pamoja. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba kwao maua meupe ni ya mazishi, na kuyaweka mlangoni siku za mwaka mpya ni kumkaribisha msiba aingie aketi. Nami kwa changu nikamsimulia habari ya mashada yetu ya makaburini na jinsi nilivyodhani hoteli imefiwa. Hapo akatulia. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaniuliza umri wangu, akahesabu kwa vidole.

"Wewe ni farasi," akasema. "Mwaka huu ni mwaka wako."

Nilicheka. Nilimwambia naam, nimeambiwa, ni mwaka wangu. Yeye hakucheka.

"Si vizuri," akasema. "Mwaka wa mnyama wako ndio unaokupiga. Kazi, mwili, nyumba. Lazima uvae nyekundu, ndani, iguse ngozi. Usinunue mwenyewe. Akupe mtu. Una mama hapa?"

"Sina."

"Shangazi? Dada?"

Nikamwambia sina mtu isipokuwa mume, na mume yuko Sonapur. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Watu hawa wote wanajua mwaka wangu utakavyokuwa. Mchungaji anajua, karatasi ya wanyama inajua, mama huyu na aproni yake anajua, mimi tu niliyebeba ndiye nisiyejua kitu. Nilizungusha maua ya njano na mekundu miguuni mwa yule farasi bila kujali yanatazama wapi.

Siku iliyofuata tulirudi kufunga taa. Yule mama akaniita kando ya friji, akanitia mkononi pakiti ndogo laini. Nguo ya ndani, nyekundu pilipili, mpya. Nilitaka kuzama sakafuni kwa aibu. Mama yangu mzazi hajawahi kuninunulia kitu cha namna hiyo tangu nilipovunja ungo. Lakini alikuwa ameishika mikono yangu miwili kwa mikono yake miwili, na viganja vyake vilikuwa vikavu, vya moto kidogo, vya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Nikamwambia asante, mama. Sikumwita madam.

Niliivaa siku ya sherehe yenyewe. Sikuamini, na niliivaa. Mtu aliyebeba kitu kama nilichobeba hachagui kinga. Kama dada wa Mombasa angenipa hirizi siku ile ningeifunga.

Mchana mgahawa ulijaa. Ngoma zilipigwa, simba wa kitambaa akaingia akirukaruka kati ya meza, watoto wakapiga kelele. Mimi na dada wa Mombasa tulikuwa stoo kati ya magunia ya mchele, bunduki ya gundi imewashwa. Kiuno kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi, na nilidhani ni ngazi. Nilikwenda chooni mara ya kwanza kwa haraka, sikuona kitu. Nilikwenda mara ya pili, nikajifuta, nikaona.

Ile nguo ilikuwa nyekundu juu ya nyekundu. Niliigusa kwa kidole ndipo nikajua imelowa kiasi gani. Sijui ilianza saa ngapi. Sijui kama nilikuwa bado na mtoto nilipopanda ngazi asubuhi kunyoosha taa, au nilipokuwa nacheka na dada wa Mombasa kuhusu yule simba aliyejikwaa kwenye zulia. Nguo nyeupe ingeniambia. Ningekaa chini, ningeinua miguu, ningeita mtu, ningeomba, ningefanya chochote hata kama hakisaidii. Nilinyimwa hata hilo. Nililia nikiwa nimeuma mkono wa sare, na nje ngoma zilikuwa zinaendelea.

Niliporudi stoo dada wa Mombasa aliniangalia usoni, kisha sare yangu. Alinikalisha juu ya gunia, akavua mtandio wake akanifunga kiunoni. "Pole, shoga," akasema, "pole sana." Baadaye mhudumu mmoja akaja mbio kusema ukope wa farasi umeanguka na wateja wanapiga picha. Yeye ndiye aliyetoka na gundi. Mama wa Kichina alipita akanipungia mkono kwa furaha, nikampungia. Singeweza kumweleza. Alitoa alichonacho.

Zilizofuata zilikuwa siku za fanusi. Nilifunga fanusi nyingi, nilimeza vidonge vya maumivu, nililala nimetazama dari iliyo karibu na pua yangu. Niliamua kanisani sitakwenda. Sikuwa na hasira na Mungu, sikuwa na chochote na Mungu. Nilichokiogopa ni Jumapili na bustani na uso wa mume wangu. Niliapa kumficha habari njema, lakini sikuwahi kujiuliza nitafanya nini na habari mbaya ambayo hajui hata kama ilianza ikiwa njema. Nilipanga kumwambia kwenye nyasi, baada ya chapati.

Asubuhi ya Jumapili akanipigia simu. "Bosi, leo bustani hakuna. Vaa vizuri, nitakupitia hapo kwako."

Alikuja amevaa shati lake la kanisani, amenyoa, na hakunieleza tunakwenda wapi. Tulipita nyuma ya ile hoteli ya farasi, tukaingia jengo la zamani la ghorofa, tukapanda kwa lifti yenye harufu ya vitunguu. Mlangoni alitungoja mlinzi wa jengo, mwanamume wa Bangladeshi mwenye funguo nyingi kiunoni. Akatupeleka ndani ya fleti iliyokatwakatwa kwa mbao hadi ikawa vyumba vyembamba, akafungua cha mwisho.

Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na nusu ya dirisha. Ukuta wa mbao ulikuwa umegawanya dirisha lile kati yetu na jirani. Kulikuwa na feni na ndoano ya kutundikia nguo. Mume wangu aliingia akasimama katikati akafungua mikono, vidole vyake karibu viguse kuta mbili.

"Nimeongea nao kambini, wamekubali niishi nje," akasema. "Si nilikuambia mwaka huu lazima?"

Alianza kunionyesha. Hapa kitanda, hapa jiko la umeme kama wataruhusu, hapa masanduku. Halafu akaenda kwenye pembe iliyo chini ya dirisha, akapima nafasi kwa kiatu, mguu mbele ya mguu, na hapo hakusema ni ya nini. Alinitazama tu, akitabasamu kwa upande kama mtu mwenye pipi mfukoni. Nilifungua mdomo nimwambie. Badala yake nikamgeukia mlinzi, nikamuuliza waliokuwa hapa kabla yetu walitoka kwa nini, maana chumba kama hiki watu hawakiachi hivi hivi.

"Sister, wao baby," akasema, akionyesha tumbo kwa mkono, kisha akapungia mlango. "Hapa baby mafi. Mwenye nyumba hataki. Baby, khalas, toka."

Mafi ni neno la Kiarabu cha mtaani, tunalitumia wote tuliokuja kutafuta kazi. Maana yake hakuna, na khalas ni basi, imekwisha. Mume wangu alilielewa kama nilivyolielewa.

"Hata mdogo?" akauliza. "Hata akiwa mchanga kabisa?"

"Mafi, brother. Analia. Majirani, mushkila, shida."

Mume wangu alisimama na kiatu chake bado kwenye ile pembe. Aliangalia dirisha, akaangalia feni. Nilimwona akikiaga kile chumba, na najua alivyokuwa amekitafuta, najua alivyowabembeleza watu wa kambi. Alichukua muda mfupi sana.

"Basi twende, bosi," akaniambia. "Hiki si chetu. Tutapata kingine, mwaka ndio kwanza umeanza."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi nilibaki nilipokuwa, nikamwambia mlinzi kwa maneno yake mwenyewe, polepole, ili wote wawili wasikie.

"Mafi baby. Mafi mushkila. Tunakichukua."

Mume wangu aligeuka. "Unasema nini wewe?" akaniuliza, na mlinzi alikuwa tayari anautoa ufunguo kwenye pete yake.